Maneno ya Mlango wa Wanawake

Kila mwanamke aliyeingia sinema yetu siku ya Jumatano aliambiwa maneno yale yale. Unatoa tiketi ya rangi ya waridi chini ya buibui, inapokelewa na mkono mdogo mkavu, inapasuliwa katikati kwa kucha ya kidole gumba, nusu moja inaangukia kikapuni, nusu nyingine unarudishiwa, kisha unasikia: "Pita, mwanangu. Niko radhi nawe." Uwe bibi harusi wa juzi, uwe ajuza mwenye wajukuu, uwe Mhindi wa duka la nguo au mke wa karani wa Kilutheri kutoka Usagara, maneno yako yalikuwa hayo. Wengine waliitikia ahsante, wengine walicheka. Sisi wasichana tulikuwa na mzaha wetu, kwamba ukigombana na mama yako huna haja ya kumwangukia miguuni, subiri tu Jumatano.

Tulimwita Bibi wa Mlangoni. Jina alikuwa nalo, na wazee wa Ngamiani, mtaa wetu pale Tanga, wangeweza kukutajia baba yake na babu yake mpaka uchoke, lakini mimi sikumjua kwa njia hiyo. Nilimjua kwa mlango, kwa sanduku la chai alilokalia, na kwa siku moja ambayo sanduku hilo nililikalia mimi. Siku hiyo nitaifikia. Nimekaa nayo muda mrefu na sina haraka ya kuitoa.

Sinema yenyewe ilikuwa imefufuka. Wakati wa vita iligeuzwa ghala la katani, na tulipokuwa watoto tuliijua kama jumba la kulipita mbio kwa ajili ya panya. Halafu mwenyewe, Mhindi mmoja mpole aliyependa kusimama ng'ambo ya barabara akiitazama nyumba yake, akaitengeneza: bati jipya, viti vya mbao vya kukunja, pazia jekundu, ukuta ukapakwa rangi ya maziwa. Harufu ya katani haikutoka. Mvua ikinyesha, pale wapenzi wa Kihindi wanapoimba kati ya maua na chemchemi, ukumbi mzima ulinuka kamba. Ubavuni, upande wa uchochoro, alitoboa mlango mwembamba wa wanawake kwa ajili ya onyesho la Jumatano alasiri, ambalo mwanamume hakuruhusiwa kuingia. Mwendesha mashine tu, na yeye tulikubaliana wote kwamba hayumo.

Waume wa Ngamiani wasingewaruhusu wake zao kupita mlango unaolindwa na mtu wasiyemjua. Ilihitajika mama mtu mzima, msafi wa jina, mkali. Alipojitokeza yeye kuiomba kazi ile, mji ulipigwa na butwaa, kwa sababu hakuna mtu aliyejulikana Tanga nzima kwa kuichukia sinema kama yeye.

Nitaeleza kwa nini sasa hivi, kabla sijaanza kumsifu, ili unielewe ninapofika mbele. Alikuwa na binti mmoja, wa pekee. Msichana huyo alipenda picha kupita kiasi. Siku hizo sinema yetu ilikuwa bado ghala, picha zilionyeshwa uwanjani kwa kitambaa kilichotundikwa kwenye nguzo, na yeye alitoroka kwenda kuzitazama na wanaume wamesimama huku na huku. Mara ya kwanza alipigwa. Mara ya pili alifungiwa. Mara ya tatu alirudi na dereva wa lori la katani aliyemsindikiza mpaka barazani, na mama yake, mbele ya majirani, akamwambia maneno ambayo kwetu hayasemwi ovyo. Akamwondolea radhi zake. Akamwambia asikanyage tena mlango wake. Msichana alikuwa na miaka kumi na saba. Alikwenda na yule dereva, wakafunga ndoa huko walikokwenda, na hakukanyaga tena.

Kwa watu wa pwani mtoto asiye na radhi ya mama ni mtu anayetembea bila ardhi. Anaweza kula, kulala, kucheka, lakini mambo yake yote yanamwendea upande. Tena radhi iliyoondolewa kwa kinywa inarudishwa kwa kinywa, uso kwa uso. Haitumwi kwa mtu wala kwa barua. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hivyo ndivyo Bibi alivyoamini. Alipokuja kujuta, na alijuta kabla ya mwaka kwisha, alimtafuta. Lakini dereva wa katani hana makazi. Kila aliyerudi kutoka bara alitaja mahali pengine: amemwona Muheza, amemwona Korogwe, amemwona mashamba ya upande wa Pangani. Bibi alikwenda mara mbili na kurudi na vumbi tu.

Ndipo sinema ikafunguliwa tena, na wanawake wakaanza kuja Jumatano kutoka kila upande, kwa treni na kwa mabasi, wengine kutoka ndani kabisa ya mashamba. Bibi akapiga hesabu yake. Binti yake angeweza kuacha vyote duniani, lakini picha hataacha. Siku moja lazima apite mlango ule. Akaenda kwa yule Mhindi akaomba kukaa hapo.

Haya yote niliyajua baadaye. Habari ya binti aliyefukuzwa niliijua, nani hakuijua, lakini sikuiunganisha na maneno ya mlangoni. Nilidhani maneno yale ni ubwege wa uzee. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeolewa na fundi wa reli, nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na akili yangu ilikuwa kwenye viatu.

Na tuzungumze viatu, kwa sababu hapo ndipo umaarufu wake ulipokuwa. Ndani ya buibui na ukaya usoni wanawake wote ni kivuli kimoja, lakini Bibi hakutazama juu. Alitazama chini. Aliijua miguu ya Ngamiani nzima, kisigino kwa kisigino. Alimwambia mke wa fundi cherehani kwamba viatu alivyovaa ni vya wifi yake na avirudishe kabla havijalegea. Alimzuia mwanamke mmoja na kumwambia arudi nyumbani, mguu umevimba, hiyo si hali ya kukaa saa tatu. Na kweli akajifungua kesho yake. Siku moja mimi na shoga yangu tulibadilishana viatu tukapaka na hina kwa mtindo usio wetu. Akatupasulia tiketi, akatupa radhi zetu, akasema, bila kuinua macho, kwamba vidole vya miguu havibadilishwi kwa hina. Kijana mmoja wa sokoni aliwahi kujaribu kuingia kwa buibui la dada yake. Bibi alimpasulia tiketi taratibu, akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote, akamwambia aende akawasalimu wanaume wenzake.

Alikuwa mkali, sitaki kumpamba. Mwenye mtoto anayelia alimfukuza nje, na ukibishana alikuita majina. Lakini mtoto mwenyewe alimchukua, mama akarudi ndani. Mara nyingi nilitoka katikati ya picha nikamkuta uchochoroni na vichanga wawili, mmoja mgongoni mmoja mapajani, anawaimbia wimbo ule ule unaotoka ndani kwenye pazia, kwa maneno ya Kihindi aliyoyavuruga vibaya. Mama zao walikuwa ndani wanalia kwa ajili ya mama wa kwenye picha aliyepotelewa na mwana. Kilio cha Jumatano kilikuwa kikubwa, kilisikika mpaka barabarani, na Bibi alikuwa akiingiza kichwa pale mlangoni na kusema, "Lieni kwa zamu, mnanitishia watoto."

Zaidi ya kichwa hakuingiza. Miaka yote ile hakuona hata picha moja. Alikaa juu ya sanduku lake, mgongo kwenye ukumbi, uso uchochoroni. Nilimuuliza kwa nini, akasema picha hazimhusu. Na bado alitaka kuzijua. Tukirudi nyumbani jioni, mimi nimebeba kikapu chake, ilinibidi nimsimulie yote. Hakujali mapenzi wala mapigano. Akiuliza, aliuliza jambo moja: je, yule mama na mwanawe walionana mwishoni? Picha za siku hizo karibu zote zilikuwa na mtu aliyepotea, na karibu zote walionana, kwa wimbo waliofundishwa utotoni au alama begani. Nikimwambia walionana, aliguna na kutembea upesi zaidi. Zilikuwepo chache ambazo hawakuonana, na mimi, kwa kuwa sikupenda kumwona anavyonyamaza, nilizibadilisha. Nilikuwa hodari wa kuzibadilisha. Nadhani alijua.

Jambo jingine, ambalo linapingana na yote niliyosema, ni kwamba mtu huyo aliyeijua miguu ya mji mzima hakuwa na imani nayo. Nilikuja kumsikia akilisema mwenyewe. "Mguu wa mtoto wangu niliujua akiwa na miaka kumi na saba," alisema. "Sasa ni mwanamke. Ametembea kwenye katani miaka kumi. Mguu huo siujui. Naweza kuukosa." Kwa hiyo akaamua kumwambia kila mmoja. Akiwapa radhi wanawake wote wanaopita, hata ambao si wake, hata wasiohitaji, basi siku akipita aliye wake hataachwa. Ndiyo maana hakuruka hata mmoja. Ndiyo maana ulipopita ukiwa na haraka alikushika buibui mpaka amalize.

Sasa niifikie siku yangu.

Bibi alishikwa na homa. Asubuhi ya Jumatano aliniita, nikamkuta amejifunika shuka mbili, meno yanagongana. Akaniambia nikakae mlangoni badala yake, Mhindi ameshaarifiwa. Akanionyesha namna ya kupasua tiketi kwa kucha, nikashindwa, akanionyesha tena. Kisha akasema, "Na maneno uyaseme. Kwa kila mtu." Nikaitikia. Ningeitikia lolote, nilikuwa nimefurahi kupewa mlango.

Nilianza vizuri. Wa kwanza walikuwa wasichana wenzangu, nikawaambia "pita, mwanangu, niko radhi nawe," tukacheka sote. Wa tatu au wa nne alikuwa mama mtu mzima, jirani wa mama yangu mzazi, mama wa kupigiwa magoti. Nikamwambia maneno yale. Akasimama. Akafunua ukaya ili nimwone vizuri anavyonitazama.

"Wewe wa juzi ndiye unayeniita mimi mwanao?" aliniuliza. "Unanipa radhi mimi? Mama yako anajua ulivyokuwa?"

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwamkia shikamoo, akaingia bila kuitika. Na alikuwa na haki. Kwetu mdogo hampi mkubwa radhi, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Nikajiambia maneno haya ni ya Bibi kwa sababu ya umri wake, mimi nikiyasema nakosa adabu. Nikaacha. Nikapasua tiketi kimya kimya, vibaya, zikichanika mshazari badala ya katikati, na foleni ikaisha, na mlio wa mashine ukaanza ndani.

Uchochoro ulikuwa umebaki mtupu alipokuja mwanamke mmoja peke yake. Buibui lake lilikuwa na vumbi jekundu kwenye pindo. Alitembea ameegemea nyuma kidogo, mkono kiunoni, kama wanavyotembea wenye mimba ya miezi ya mwisho. Alifika mbele yangu akasimama, hakutoa tiketi.

"Bibi wa hapa yuko wapi?" aliuliza.

Nikamwambia ana homa, leo niko mimi.

 Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimesikia kuna maneno anawaambia watu wakipita."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa kuwa bado nilikuwa na ile aibu na nilitaka kuifanya mzaha. "Leo hakuna maneno, dada," nilimwambia. "Leo tiketi tu. Rudi Jumatano ijayo atakuwepo."

"Jumatano ijayo mbali," alisema.

Akatoa tiketi, nikaipasua, ikachanika mshazari mpaka pembeni, nikamrudishia kipande kikubwa. Nakumbuka mkono wake, una mikwaruzo ya miiba ya katani kama mikono yote ya huko. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mgongo kwangu, muda ambao mtu angeweza kuhesabu mpaka ishirini. Nilidhani anayazoesha macho giza. Ndani walikuwa wanaanza kulalamika.

"Pita basi, dada," nikamwambia. "Mwanga unaingia."

Akapita. Alikaa kiti cha nyuma karibu na nguzo, nikamwona nilipochungulia. Mchekeshaji wa picha alipoanguka kisimani na kilemba chake, nilimsikia akicheka, kicheko cha mtu aliyeikumbuka njia ya kucheka. Alitoka kabla picha haijaisha, akisema basi lake linaondoka. Akaniambia nimsalimie Bibi. Wengi walikuwa wameniambia nimsalimie Bibi. Jioni nilipomrudishia kikapu nilimwambia kwamba wote wanamsalimu.

Aliniuliza kama niliyasema maneno. Nikasema ndiyo. Uongo mdogo, wa kumwondolea mgonjwa usumbufu. Nilikwenda nyumbani kupika.

Hazikupita wiki nne, akaja mama mmoja wa Kibondei kutoka kambi ya shamba la upande wa Pangani, akiuliza nyumba ya Bibi. Niliwaona watu wanakusanyika barazani, nikaenda. Yule mama alikaa chini kwenye mkeka na kueleza aliyotumwa na moyo wake kueleza, kwa kuwa hakuna aliyemtuma. Binti yule alikuwa jirani yake kambini. Alishikwa na uchungu siku mbili na usiku mmoja. Alikufa yeye, na mtoto naye. Walizikwa siku moja. Kwetu mwanamke akikaribia kujifungua huenda kwa mama yake kutaka radhi, ili njia ifunguke. Na yule mama alisema binti alikuwa na hofu hiyo miezi yote, kwamba yeye atajifunguaje bila radhi. Alikuwa amesafiri mara moja kuja Tanga, akarudi amechoka, hakusema aliona nini.

Bibi hakulia. Alikaa wima, mikono juu ya magoti. Yule mama akafungua furushi la vitu vya marehemu: kanga mbili, kitana, kikombe. Na kwenye pindo la kanga moja palikuwa na fundo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya rangi ya waridi ambacho yeye hakujua ni nini, akakihifadhi kwa kuwa mwenzake alikitunza.

Sisi sote tulijua ni nini. Bibi alikinyakua. Akakiweka karibu na macho, na hapo ndipo akalia, lakini kilio kilikuwa cha mtu aliyefunguliwa mzigo.

"Alipita," alisema. "Jamani, alipita mlangoni pangu. Alisikia. Mwanangu amekufa na radhi zangu."

Wanawake wakamkumbatia, wakalia naye, wakamshukuru Mungu. Ndipo akatueleza kisa cha maneno yale, miguu ya mtoto na miguu ya mwanamke, yote niliyokwisha kukusimulia. Nami nilisimama kwenye nguzo ya baraza nikikitazama kile kipande mkononi mwake. Kilikuwa kimechanika mshazari mpaka pembeni.

Ningeweza kusema pale pale. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na jibu la kweli halinipendezi: sikunyamaza kwa kumhurumia, nilinyamaza kwa kuogopa. Huruma niliiongeza baadaye, kujipamba. Nilijiambia mama amepata kitu cha kushika, nani mimi nimpokonye. Kila nilipokitazama kipande kile nikaona ni kweli. Kila nilipolala nikaona ni uongo.

Alimaliza siku zake za matanga, akarudi mlangoni. Tulidhani maneno yatakoma, maana mwenye maneno amekwenda. Hayakukoma. Aliyasema kwa upole zaidi, hata ukali ulimpungua, na mwanamke mmoja alipomuuliza, alijibu kwamba maneno yameshafika kwa mwenyewe, sisi wengine tunakula sadaka. Nilipita mbele yake kila Jumatano. "Pita, mwanangu, niko radhi nawe." Niliyapokea, nikaenda kukaa gizani. Picha sikuziona. Nilikaa kiti cha nyuma karibu na nguzo na kuhesabu mpaka ishirini.

Miezi ilivyokwenda macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema, macho yote mawili. Kwanza alichanganya miguu ya watu, na sisi tukajifanya hakukosea. Halafu akawa anapasua tiketi kwa kupapasa. Mwishowe Mhindi alimwomba apumzike, na kwa heshima alimpelekea nyumbani lile sanduku la chai. Mlangoni akawekwa mwanamke mwingine, mwema tu. Alipasua tiketi na kusema "haya."

Mara ya mwisho nilimwona asubuhi moja ya kaskazi. Mume wangu alikuwa amehamishwa Moshi, mizigo yetu ilikuwa imeshatangulia stesheni, nami nilizunguka mtaa kuaga. Bibi nilimweka mwisho. Mtu anaposafiri anakwenda kwa wakubwa wake kutaka radhi, na mama yangu mzazi alikuwa ameshanipa zake, lakini nilitaka na hizi. Tena nilizitaka kuliko zile.

Nilimkuta chumbani amekaa juu ya sanduku, sinia la mchele mapajani, anachambua mawe kwa vidole. Hakuona kitu tena, ila kila kijiwe kidogo alikipata na kukitupa pembeni. Nikapiga hodi, nikamwamkia, akaitika marahaba na kunitaja jina kabla sijakaa. Tukaongea habari za Moshi, baridi yake, na kwamba ninunue sweta. Nikamwambia, "Bibi, nasafiri. Nimekuja kutaka radhi."

Aliweka sinia chini. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa kile kipande cha karatasi. Kilikuwa kimelainika kama kitambaa.

"Pitisha kidole hapa," alisema.

Nikapitisha.

"Nilipokuwa naona, sikukiona," alisema. "Nilitazama rangi, basi. Sasa natazama kwa vidole. Miaka yote ile nimepasua tiketi kwa kucha, katikati, sawasawa. Sijawahi kupasua hivi hata moja." Akakipapasa tena. "Ile siku ya homa. Uliniambia uliyasema maneno."

Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele. Nilikuwa nimejitayarishia uongo kwa muda mrefu, nilikuwa na uongo mzuri kabisa, wenye kila kitu, namna alivyoyapokea, namna alivyoitikia. Mimi ni yule yule niliyewakutanisha mama na mwana katika picha ambazo hawakuonana. Kinywa kilifunguka kikakataa.

"Sikuyasema, Bibi," nilimwambia.

Nikamweleza. Nilimweleza yule mama aliyenifokea, na aibu, na namna nilivyoacha. Nilimweleza buibui lenye vumbi, na kwamba aliyauliza maneno kwa kuyataja, na nilivyomjibu, na kwamba nilicheka. Sikuficha hata kucheka. Alinisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti, kama siku ile barazani.

Nilipomaliza aliuliza, "Alikaa wapi?"

"Nyuma, karibu na nguzo."

"Picha aliiona?"

"Aliiona, hakumaliza. Alicheka, Bibi. Mchekeshaji alipoanguka, nilimsikia akicheka."

"Alicheka," alisema.

Akakikunja kile kipande, akakifunga tena kwenye pindo, akakaza fundo kwa meno. Kisha akapapasa chini mpaka akaupata ukingo wa sinia, akalirudisha mapajani, vidole vikaanza tena kutembea ndani ya mchele. Nilikaa.  Treni ilikuwa inaningoja, nikasimama, nikamwambia Bibi nakwenda. Nikafika mlangoni, nikasimama kizingitini, mgongo kwake, nikisubiri. Nilihesabu mpaka ishirini, nikaanza tena. Upepo wa kaskazi ulikuwa unavuma kutoka uani, unapeperusha makapi ya mchele sakafuni, nami nilisikia kijiwe kimoja kikidondoka, halafu kingine.

"Rudishia mlango," alisema. "Upepo unaingia."

Nikaurudishia.